Jukwaa likishafungwa

Ukitoka Arusha mjini ukapita Usa River, kuna kijiji kinaitwa Imbaseni, chini ya Mlima Meru. Humo mna kuta zilizojaa picha za rangi. Nilipoziona mara ya kwanza nilidhani ni chekechea. Kumbe!

Ni kwa Pete O'Neal na mkewe Charlotte, wanaharakati wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi. Pete aliongoza tawi la Kansas City. Mwaka 1970 alihukumiwa kwa kesi ya bunduki, akaikimbia Marekani. Wakapitia Algeria, na mwaka 1972 wakatua Tanzania, enzi za Ujamaa.

Sasa tujiulize. Chama chao kilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huku kwetu nako, mwaka 1991, Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya Azimio la Arusha. Siasa iliyokupokea ikigeuka, unafanya nini? Unabaki kusimulia ya kale?

Wao mwaka huohuo wa 1991 walianzisha kituo cha jamii, UAACC. Vijana wakajifunza Kiingereza, kompyuta, muziki na uchoraji bila ada. Mama Charlotte mwenyewe ni mchoraji na mshairi, na nyatiti anaipiga.

Sisi vijana tumezoea kuukumbuka uanaharakati uchaguzi ukikaribia, na wasanii wetu huitwa kupamba kampeni. Kura zikishahesabiwa, jukwaa linafungwa, kila mtu kwao. Imbaseni kazi ilianza pale jukwaa lilipofungwa. Je, sisi tutaanza lini?