Wanaoangukia Sanaa: Historia Fupi ya Dharau

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa na wazazi wa Singida wanapoanza kuulizana watoto wamepangiwa wapi, nasikia kauli ileile: "Huyu wetu ameangukia sanaa." Kitenzi hicho kinastahili kuchunguzwa. Sijapata kumsikia mzazi, iwe Kiomboi, Ikungi au Manyoni, akisema kwamba mwanawe ameangukia PCB. Kwenye sayansi mtoto huchaguliwa. Kwenye HGL na HKL huangukia, kama mtu aliyeteleza kisimani.

Dharau hii ina umri, nao si mkubwa. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilipofunguliwa Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961, kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, chenye wanafunzi 14. Kitivo cha sanaa na sayansi za jamii kilifuata mwaka 1964, na cha sayansi mwaka 1965. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Edinburgh kusoma, pamoja na mengine, historia na uchumi. Benjamin Mkapa alihitimu Kiingereza Makerere mwaka 1962. Taifa changa lilihitaji mahakimu, maofisa wa wilaya, mabalozi na walimu, na hakuna aliyewaona vijana wale kuwa walioangukia chochote.

Mambo yalianza kubadilika serikali ilipoanza kupanga nguvukazi. Katikati ya miaka ya 1960 ruzuku za wanafunzi wa chuo zilifungwa kwenye mahitaji ya taifa: nafasi zilihesabiwa kwa fani, na kijana akaelekezwa kwenye pengo lililo wazi. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari nazo zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Siukebehi mpango huo. Nchi iliyokuwa na madaktari na wahandisi wazalendo wa kuhesabika kwa vidole ilikuwa na haki ya kuhesabu. Lakini hesabu ile ilituachia mazoea ya kumtazama mwanafunzi kama kizibo cha tundu fulani, na kuliona somo lisilo na tundu la kuziba kuwa ni anasa. Mipango ya nguvukazi ya wakati ule imekwisha zamani, mazoea yamebaki. Leo yanaonekana katika vipaumbele vya mikopo ya elimu ya juu, na katika ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi.

Sasa tuitazame Singida yenyewe. Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zimeenea mkoani, nalo lilikuwa jambo la heri. Majengo, hata hivyo, yalitangulia maabara, na maabara zikatangulia walimu wa fizikia. Mtoto aliyesoma kemia kwa kunakili ubaoni, asiwahi kuishika mrija wa kupimia, anapojaza fomu ya kuchagua tahasusi anaambiwa kwamba anachagua. Hachagui. Anapokea matokeo ya uamuzi uliofanywa na bajeti kabla hajafika kidato cha kwanza. Kisha sisi tunaoketi pembeni tunauita uamuzi huo kipimo cha akili yake.

Linganisha na Diploma ya Kimataifa, ile IB inayofundishwa katika shule chache za ada kubwa kama iliyoanzishwa Moshi mwaka 1969, ambayo sasa ni sehemu ya UWC East Africa. Huko hata kijana anayetaka uhandisi analazimika kuchukua angalau somo moja la kundi la watu na jamii: historia, jiografia, uchumi, falsafa au mengine ya aina hiyo. Na anayependa historia hasamehewi hisabati wala sayansi. Kwetu, mwanafunzi wa PCM huiaga historia kidato cha nne na kwa miaka mingi amepozwa na somo la GS tu. Wa HKL huiaga hisabati siku hiyohiyo. Watoto wa wenye uwezo wanafundishwa kwamba mhandisi lazima aielewe jamii. Wa kwetu wanagawanywa wakiwa na miaka kumi na saba, nusu wapewe vifaa, nusu wapewe watu.

Nani basi ameisoma Singida? Mwaka 1970 kilitoka kitabu cha Mmarekani Harold Schneider kuhusu uchumi wa Wahi Wanyaturu. Wakati wataalamu wengi waliamini kwamba mfugaji wa Kiafrika anashikilia ng'ombe kwa mapenzi yasiyo na hesabu, Schneider alionyesha kwamba Mnyaturu anapima, anabadilisha na kuwekeza. Ng'ombe ni mtaji. Mwaka 1978 Marguerite Jellicoe akachapisha utafiti wake juu ya mabadiliko ya jamii hiyohiyo. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu waliotoka Singida kama wanavijua vitabu hivyo. Hawakuvijua, wala sikutarajia wavijue, kwani vimeandikwa kwa Kiingereza na kuvipata huku si rahisi. Linalonisumbua ni jingine: wanaowaambia hao kwamba sayansi ya jamii haina kazi hawajui kwamba ng'ombe wa babu zao waliwahi kuisahihisha nadharia ya kimataifa.

Uwanja wa mpira wa mjini Singida, zamani Namfua, sasa unaitwa Liti, kwa jina la mwanamke aliyewaongoza Wanyaturu dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye simulizi zinasema aliwatuma nyuki kupigana. Kila mwisho wa wiki jina lake hutajwa redioni. Kuzikusanya simulizi hizo kwa wazee waliobaki, kuzipima dhidi ya kumbukumbu za Kijerumani, na kuelewa nyuki wale walimaanisha nini kwa waliosimulia ni kazi ya mtu aliyesoma historia, lugha na anthropolojia. Mtu huyo yumkini yuko kidato cha sita sasa hivi, ameinamisha kichwa kwa aibu ya tahasusi yake.

Kwa wanaotaka hoja ya tumbo, ipo. Bei ya alizeti iliposhuka mwaka 2023 na wakulima wetu wakabaki na magunia, mbegu hazikuwa zimeharibika wala mvua haikuwa mtuhumiwa mkuu. Mjadala ulikuwa juu ya ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje. Hilo ni somo la uchumi na siasa. Wanasiasa wawili wa Singida wanaojulikana zaidi nchini, Tundu Lissu na Mwigulu Nchemba, ambao hawakubaliani karibu kwa lolote, ni mwanasheria na mchumi.

Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, na jumla ikawa 65. Mtaala mpya pia umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Nimelipokea kwa furaha yenye tahadhari, kwa kuwa historia iliyounganishwa na maadili kwa jina huweza kugeuka mahubiri mwalimu asipokuwa na vyanzo mkononi. Kuhusu hizo 65, ningependa kila halmashauri ya Singida ibandike kwenye ubao wake wa matangazo, shule kwa shule, tahasusi zipi zina walimu na zipi zina jina tu, na ifanye hivyo kabla watoto hawajapewa fomu za kujaza.