Kovu linavyoweza kuharibu upasuaji wa presha ya macho

KATIKA upasuaji mwingi, jeraha likipona haraka mgonjwa hufurahi. Upasuaji wa glakoma, maradhi yanayojulikana zaidi kama presha ya macho, ni kinyume chake: jeraha likifunga kabisa, kazi yote huwa imepotea bure.

Glakoma huharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kutokana na shinikizo la maji yaliyomo ndani yake. Uoni uliopotea haurudi. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 ulibaini kuwa takriban watu wanne kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na ugonjwa huo.

Katika upasuaji uitwao trabekulektomi, ulioelezwa na daktari J. E. Cairns wa Uingereza mwaka 1968, hutobolewa kijitundu kwenye ukuta mweupe wa jicho, mahali panapofunikwa na kope la juu. Maji hupita hapo na kukusanyika chini ya utando laini unaofunika ukuta huo, kisha hufyonzwa na mwili.

Tatizo ni kwamba mwili hukichukulia kijitundu hicho kama jeraha la kawaida. Utando hugandamana na ukuta wa jicho, kovu huziba njia, na shinikizo hupanda upya. Walio katika hatari zaidi ni watu wenye asili ya Afrika, vijana, waliowahi kufanyiwa upasuaji mwingine wa jicho, na wale ambao macho yao yamepata uvimbe kwa muda mrefu.

Kinga ya kwanza hutolewa wakati wa upasuaji. Daktari huweka chini ya utando sponji yenye fluorourasili au mitomaisini, dawa ambazo pia hutibu saratani, kwa dakika chache, kisha huosha. Dawa hizo huzuia seli zinazotengeneza kovu. Nchini Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulitumia mionzi ya beta badala ya dawa. Baada ya mwaka mmoja, upasuaji ulikadiriwa kushindwa kwa asilimia 5 ya waliopata mionzi, ikilinganishwa na asilimia 30 ya wasioipata. Hata hivyo, waliopata mionzi walihitaji zaidi upasuaji wa mtoto wa jicho baadaye.

Dawa nazo zina madhara. Zikizidi, shinikizo hushuka mno, utando huwa mwembamba na kuvuja, na vijidudu huweza kuingia hata baada ya miaka.

Kinga ya pili ni ufuatiliaji. Mgonjwa hutumia matone ya steroidi kwa wiki kadhaa, na daktari hulegeza nyuzi za mshono au huvunja kovu changa kwa sindano. Hayo hayawezekani iwapo mgonjwa hakurudi kliniki, kwa kuwa kovu huziba njia bila kuuma.

Kwa mkazi wa Karatu, Hospitali ya KCMC mjini Moshi iko zaidi ya kilomita 200, na kwa mfugaji wa Ngorongoro ni mbali zaidi. Hivyo nauli na malazi ya wiki za kwanza hupaswa kupangwa kabla ya upasuaji, si baada yake. Aidha, mgonjwa anaweza kuuliza kuhusu tiba ya mwanga wa leza, isiyohitaji kupasua jicho. Utafiti wa KCMC uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa, baada ya mwaka mmoja, leza ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho, dhidi ya asilimia 31 kwa matone ya timololi.

Aliyekwisha kufanyiwa upasuaji hapaswi kuacha matone bila ushauri wa daktari, wala kutia jichoni dawa za kienyeji. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likitoa usaha au uoni ukipungua, ni lazima awahi hospitali siku hiyohiyo.