Mwindo katika vita: urithi unaokimbia pamoja na watu

Vita ikipita kijijini tunahesabu waliokufa, nyumba zilizochomwa na mifugo iliyoporwa. Kuna hasara nyingine ambayo haiandikwi kwenye orodha yoyote: hadithi, nyimbo, ujuzi wa dawa za miti na desturi za kusuluhisha ugomvi. Vitu hivi havina ghala. Vimo ndani ya watu, na watu wakitawanyika navyo vinatawanyika. Historia ya Wanyanga wa Walikale, hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, inaonyesha jambo hili wazi.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck alikutana na msimulizi aitwaye Shé-kárisi Rureke. Kwa siku 12 Rureke alisimulia, akaimba, akacheza na kuigiza hadithi ya shujaa Mwindo, huku Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika. Mwaka 1969 kitabu kilitoka Marekani, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, Mnyanga na mtaalamu wa lugha, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya OUA mjini Kampala. Tangu hapo Mwindo anasomwa katika vyuo vikuu vya mbali, ilhali hapa Goma unaweza kukutana na kijana wa asili ya Walikale asiyelijua jina hilo.

Kwa ufupi, hadithi ni hii. Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliwakataza wake zake kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa hata hivyo, tayari anatembea na kusema. Baba akajaribu kumwua, akashindwa, akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Shangazi yake, Iyangura, akamtoa humo. Mwindo alipopata nguvu alimfuata baba yake mpaka kuzimu. Alipomkamata hakumwua. Alimrudisha nyumbani, watu wakakusanyika, baba akakiri makosa yake mbele ya wote, na nchi ikagawanywa kati yao wawili.

Kitabu kimehifadhi maneno hayo, na tunashukuru. Lakini msimulizi wa Mwindo hakuwa mtu wa kusoma maneno tu. Alishika kibuyu cha kutikisa, akavaa njuga, na vijana wakapiga mdundo kwenye kipande cha mti mkavu. Wasikilizaji waliitikia nyimbo, wakaleta pombe, chakula na zawadi. Vijana wale wa mdundo ndio waliokuwa wanafunzi. Kwa kumfuata bwana wao kijiji hadi kijiji, walijifunza hadithi nzima bila daftari. Hiyo ndiyo shule iliyovunjwa na vita.

Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, na mapigano yakaenea Masisi. Mwaka 1994 wakaja wakimbizi kutoka Rwanda, na baada yao vita vya 1996 na 1998. Kisha makundi yenye silaha yakagombania migodi, kama ule wa kasiterite wa Bisie. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma, na mwezi uliofuata kambi za pembezoni mwa mji zikavunjwa, wakimbizi wa ndani wakafunga tena mizigo. Machi mwaka huohuo mapigano yakafika Walikale mjini.

Katika hali hiyo msimulizi atafundisha nani? Kijana ambaye angepiga mdundo yuko mgodini, au amebeba bunduki, au anasukuma chukudu mjini. Mzee analala chumba kimoja na watu kumi katika familia iliyompokea. Ngoma ikilia usiku kijijini inaweza kuwaita hata wenye silaha. Hakuna aliyetoa amri ya kufuta utamaduni. Unakatika kwa sababu nafasi ya kuupokeza imekwisha.

Sheria za dunia zilichelewa kuliona hili. Mkataba wa La Haye wa 1954, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 1961, unalinda majengo, makumbusho, vitabu na kazi za sanaa wakati wa vita. Hiyo ni kazi nzuri, lakini Bese hapakuwa na jengo la kuwekea alama. Mkataba wa UNESCO wa 2003 ndio uliotaja urithi usioshikika kwa mkono, na nchi yetu iliuridhia mwaka 2010. Kwa njia hiyo rumba ya Kongo iliingizwa kwenye orodha ya dunia Desemba 2021. Mwaka 2020 nchi wanachama zikakubali miongozo ya kulinda urithi huo wakati wa dharura. Msingi wake ni mmoja: wenye urithi ndio wa kwanza kuulizwa, hata kama wamehama makwao.

Tahadhari moja inahitajika. Si kila cha asili kinajenga. Kuna nyimbo za kuwatukana majirani, na vita vyetu vimezitumia. Lakini kuna pia baraza, pale watu wanapokaa chini, kila mmoja anasema na wengine wanasikiliza. Hadithi ya Mwindo inaishia kwenye mkutano wa namna hiyo. Mwaka 1998 viongozi wa makabila ya jimbo letu waliunda Barza Intercommunautaire kwa kufuata desturi hiyohiyo. Siasa ikaingia, ikavunjika. Desturi yenyewe bado inahitajika kuliko wakati wowote.

Basi tufanye nini tukiwa Goma, bila kungoja mikutano ya Ulaya? Anayempokea mkimbizi mzee amwulize anajua nini, tena mbele ya watoto. Mwenye simu arekodi kwa lugha ya mzee mwenyewe, kwa ruhusa yake, na nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja. Yaliyo ya siri yabaki siri, kwa maana Karisi ni roho kwa Wanyanga, si kichekesho cha mitandaoni. Shule na parokia zitoe saa moja kwa juma na chumba. Mashirika yanayogawa unga na mahema yaulize pia nani alikuwa msimulizi, mkunga, mpiga ngoma.

Rekodi peke yake haitatosha. Kitabu cha 1969 kipo, na bado mnyororo unakatika. Urithi huu unalindwa pale mzee anapokuwa hai, salama, na ana kijana wa kumpigia mdundo.