Gurudumu la Chini ya Reli

Rolakosta, kile kitreni cha burudani kinachopanda polepole na kushuka mbio, husimuliwa kama historia ya ujasiri: kila kizazi kikiinua mlima mrefu kuliko wa waliotangulia. Masimulizi hayo yanavutia, ila yanakwama mapema. Treni ya LaMarcus Thompson, iliyofunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1884, ilikwenda takriban kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao mkimbiaji wa kawaida huupita. Thompson hakupungukiwa mbao wala ushujaa. Magurudumu yake yaliketi tu juu ya reli, na kama angekipa kibehewa kasi kubwa kwenye kilima kikali, kingeruka na watu wake. Hofu ilikosa kitu cha kuishikilia.

Aliyekileta ni Mmarekani John Miller. Kwanza alibuni kilimi cha chuma kinachonasa kwenye meno ya njia ili treni isirudi nyuma mnyororo ukikatika. Ile ta-ta-ta inayomkausha abiria mate wakati wa kupanda ni sauti ya kitu kinachomlinda, ingawa yeye huisikia kama mbiu ya msiba. Kisha, mwaka 1919, akaomba hataza ya gurudumu lililofungwa chini ya reli. Sasa treni iliweza kuvuka kilele kwa kasi hata abiria akainuka kitini, na kibehewa kisitoke njiani. Cyclone ya Coney Island, iliyofunguliwa mwaka 1927 na kufikia karibu kilomita 97 kwa saa, isingewezekana bila magurudumu ya namna hiyo.

Mtu anaweza kusema kwamba Paris ilikuwa na vibehewa vilivyobanwa kwenye njia yake tangu mwaka 1817. Ni kweli, na hilo linampunguzia Miller sifa. Lakini Thompson alianza bila ujuzi huo, na mwendo wake ndio ushahidi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba watu hufuata hatari yenyewe. Lakini rolakosta ya Flip Flap ya mwaka 1895, pale pale Coney Island, ilikuwa na kitanzi cha duara kamili. Treni ilipoingia kwenye duara hilo, uzito wa mwili uliongezeka ghafla mara nyingi na shingo zikaumia. Haikudumu. Kitanzi kilirudi kwa heshima mwaka 1976, katika Revolution ya California, Wajerumani Anton Schwarzkopf na Werner Stengel walipokipa umbo la tone la maji: kipana chini kwenye kasi, chembamba juu treni inapopungua mwendo.

Na Crystal Beach, Ontario, ambako Cyclone nyingine ya mwaka 1927 ilikuwa kali kiasi cha kuwekewa muuguzi kituoni? Umati ulifika, lakini wengi walisimama kutazama, na mtazamaji hakati tiketi ya kupanda. Ilibomolewa baada ya msimu wa 1946, na chuma chake kikatumika kujengea rolakosta ya Comet, iliyokuwa pole zaidi.