Mikrobi ya tumbo: mbwa na nguruwe wanahusika? Kipimo cha ADN kinajibu

Huku Kashebere, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale, mutu akisikia tumbo inamuunguza anasema: « niko na gastriti ». Wengi wanakimbilia dawa bila kipimo. Lakini mara nyingi gastriti na vidonda vya tumbo vinaletwa na mikrobi inayoitwa Helicobacter pylori.

Ilijulikana namna gani?
Waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliikuza kwenye labo mwaka wa 1982. Mwaka wa 1984, Marshall aliinywa yeye mwenyewe, akagonjwa tumbo. Walipata tuzo ya Nobel mwaka wa 2005.

Wanyama nao?
Mikrobi hii iko na ndugu zake. Helicobacter suis inakaa ndani ya tumbo la nguruwe. Helicobacter felis inapatikana kwa paka na mbwa. Mara chache zinaonekana kwa watu pia. Kwa mikroskopu ni vigumu kuzitofautisha, tena hazikubali kukua kwa urahisi kwenye labo.

Ndipo kipimo cha ADN kinasaidia. Kinaitwa PCR, ni njia ileile iliyotumiwa kupima Ebola huko Beni. Kinasoma alama ya urithi ya mikrobi na kuonyesha ni ya aina gani. Kinaweza pia kuonyesha kama dawa ya klaritromisini haitaiweza.

Basi tufukuze mbwa?
Hapana. Pylori inapita zaidi kati ya watu wenyewe, sanasana ndani ya jamaa, tangu utoto. Unawe mikono kisha choo, kisha kugusa nguruwe ao mbwa, na mbele ya kula.

Tufanye nini kama PCR haiko karibu?
Uliza muganga kipimo cha choo kikubwa ao cha pumzi. Kipimo cha damu kinaweza kubakia « pozitifu » hata kisha mutu kupona. Wengine wanarudilia dawa bure juu ya hiyo. Usikatishe antibiotiki katikati. Diklofenaki na aspirini zinaweza kuongeza vidonda.

Ukitapika damu ao ukienda choo cheusi kama lami, usingoje: nenda hospitali siku ileile.