Nyimbo za Kuuvuka Mwaka

Katika miaka mia moja ya usharika wetu, vitabu vya ofisi vimehifadhi mambo mengi. Daftari la ubatizo lina majina na tarehe. Daftari la ahadi lina namba za bahasha na kiasi cha fedha. Kumbukumbu za baraza la wazee zinaeleza mabati yaliyonunuliwa na mafundi waliolipwa. Jambo moja halikupewa daftari lake, nalo ni nyimbo ambazo Wakristo hawa waliziimba usiku wa Desemba 31, walipokuwa wakiuacha mwaka mmoja na kuingia mwingine. Nilipoombwa kuandika juu ya ibada katika kitabu hiki, nilichagua usiku huo mmoja. Naamini ya kuwa mtu anayetaka kujua usharika ulimtegemea nani, hana budi kuzitazama nyimbo zake za mwaka mpya kabla ya kuzisoma taarifa zake za mwaka.

Inafaa kukumbuka kwanza kwamba mwaka unaoanza Januari 1 uliingia kwetu pamoja na kalenda ya ukutani. Wakulima na wafugaji wa Unyaturu na Iramba waliuhesabu mwaka kwa mvua, ambazo kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Hata pwani ambako Kiswahili kilizaliwa kuna mwaka mwingine: watu wa Makunduchi, Unguja, hadi leo huadhimisha Mwaka Kogwa katika mwezi wa Julai, kwa nyimbo na kwa kuchoma kibanda cha makuti. Na katika kalenda ya Kilutheri yenyewe, Januari 1 ni siku ya kutahiriwa na kupewa jina kwa Bwana Yesu, kwa kufuata Luka 2:21. Somo hilo ni mstari mmoja tu. Mtoto anatimiza siku nane, anapewa jina ambalo malaika alikwisha kulitaja kabla hajachukuliwa mimba. Hakuna mtu katika mstari ule anayeazimia neno lolote.

Kwa mkulima wa Singida siku hiyo ina ugumu wake. Ghala limekaribia kuwa tupu, uwele na mtama ndiyo kwanza vinapaliliwa, na mavuno yako mbali. Ni katika majuma hayo hayo kanisa hugawa bahasha na kumwomba kila msharika aandike ahadi yake ya mwaka mzima. Kwa hiyo mtu wetu huandika ahadi akiwa na njaa, apate kuilipa akiwa ameshiba, Mungu akijalia. Mvua zikikatika Februari, ahadi hubaki karatasini. Wazee wa kanisa wenye busara walilijua jambo hilo. Hawakumsomea mtu deni lake mbele ya wenzake, bali walingoja wakati wa mavuno, mpaka debe la mtama, kuku, alizeti na vitunguu viletwe ibadani na kunadiwa nje ya kanisa. Mambo haya nayasema kabla ya kufika kwenye nyimbo, maana bila kuijua Januari ya hapa, mtu hawezi kujua nyimbo zile zilibeba mzigo gani.

Wamisionari wa Leipzig walifika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakiwa na tenzi zao mikononi. Kati ya tenzi za Kijerumani ninazozipenda kwa usiku wa mwaka mpya, naweka mbele ule wa shukrani wa Martin Rinckart. Rinckart alikuwa mchungaji katika mji wa Eilenburg, ambao hauko mbali na Leipzig. Alianza kazi huko mwaka 1617, na mwaka uliofuata vikaanza Vita vya Miaka Thelathini. Wakimbizi waliujaza mji ule wenye kuta, na tauni ikawafuata. Mwaka 1637 wachungaji wengine walikufa au waliondoka, Rinckart akabaki peke yake kuzika. Yasemekana alizika zaidi ya watu 4,000, na mkewe alikuwa miongoni mwa waliokufa mwaka ule. Baada ya tauni ikaja njaa. Mara nyingi watu husimulia kana kwamba wimbo ule aliutunga kaburini. Wataalamu huona kwamba yaelekea aliutunga mapema kidogo, kama sala ya mezani ya jamaa yake, akifuata maneno ya kitabu cha Yoshua bin Sira. Kwangu jambo hilo linauongezea wimbo uzito. Shukrani ile ilikuwa imekwisha kufundishwa nyumbani siku za chakula, nayo ikakutwa ipo mdomoni siku za mazishi.

Ukiutafuta ndani ya wimbo ule mahali ambapo mwimbaji anaahidi kwamba mwaka ujao atakuwa mtu bora, hutapaona. Anashukuru kwa yaliyopita, anaomba amani kwa yajayo, anamsifu Mungu wa Utatu, basi. Zaburi ya 90, ambayo Isaac Watts wa Uingereza aliitungia utenzi uliotoka mwaka 1719, nayo iko hivyo: inahesabu siku zetu, kisha inaomba. Wimbo wetu wa taifa ni ndugu yao. Tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti huko Afrika Kusini, na tangu 1961 tumeusimamia wima. Mistari yake mingi ni maombi.

Tenzi hizo zilipotiwa katika Kiswahili zilipata taabu ambayo kila mwalimu wa kwaya anaijua. Katika Kijerumani, Mungu ni silabi moja, Bwana ni silabi moja, mwaka pia ni silabi moja. Kwetu kila neno kati ya hayo lina silabi mbili. Tena Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni nyingi za Kijerumani huishia kwa mkazo. Ndiyo sababu hadi leo tunasikia wimbo ukimlazimisha mtu kuikaza silabi ya mwisho ya “Mwokozi”, kwa namna ambayo hakuna mama angemwita mwanawe. Washarika wa kwanza waliyaimba hayo kwa unyenyekevu, na wengi waliyapenda. Hata hivyo wimbo unaoupinda ulimi huchelewa kushuka moyoni.

Hapo ndipo tunapopaswa kumshukuru Mungu kwa kazi ya Howard Olson, mmisionari wa Kimarekani aliyekuja kuwa mwalimu katika Chuo cha Theolojia Makumira. Wengi humjua kwa kitabu cha nyimbo cha Tumshangilie Mungu, na wachache hujua kwamba aliisoma lugha ya Wanyaturu kwa bidii, hata mwaka 1964 kikachapishwa huko Marekani kitabu chake juu ya sauti na maumbo ya maneno ya Kirimi. Lugha hiyo hupandisha na kushusha sauti ili kutofautisha maana. Mtu aliyejifunza kusikiliza hivyo hawezi tena kudhani kwamba tuni ni chombo kitupu cha kutilia maneno yoyote. Makumira aliwahimiza wanafunzi walete tuni za nyumbani kwao na kuzitungia maneno ya Injili. Katika hali hiyo Bernard Kyamanywa alitunga mwaka 1966 wimbo wa Pasaka ambao leo huimbwa Ulaya na Marekani. Waliokuwa wamefundishwa kwamba ngoma za wazee ni za giza hawakuzipokea tuni hizo kwa urahisi, na ubishi wao ulikuwa wa kweli, maana nyimbo nyingine za kale zilikuwa na maana zao zisizofaa ibadani. Lakini tuni ya kupalilia haina dhambi. Na Januari, kama nilivyosema, ni mwezi wa kupalilia.

Baada ya Leipzig walikuja Wamarekani wa Augustana, sinodi iliyoanzishwa mwaka 1860 na wahamiaji kutoka Sweden. Hao walirithi nyimbo za Lina Sandell, binti wa mchungaji, ambaye mwaka 1858 alimwona baba yake akianguka kutoka melini na kuzama katika ziwa Vättern. Mwaka 1865 Sandell alitunga wimbo juu ya neema inayotolewa kwa kipimo cha siku moja moja, na Oscar Ahnfelt akautungia tuni mwaka 1872. Naupendekeza kwa kila mtu anayeandika ahadi Januari. Unamruhusu mtu aache kuubeba mwaka mzima kichwani.

Neno azimio lenyewe taifa letu lililisikia kwa nguvu Februari 1967, lilipotangazwa Azimio la Arusha. Wakati ule kila azimio lilipata wimbo. Mwaka 1972 likaja Azimio la Iringa la “Siasa ni Kilimo”, nalo likaimbwa shuleni na redioni. Wenye umri wangu wanazikumbuka nyimbo hizo zote, na nyingine zilikuwa nzuri sana. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 haukuzisikiliza. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar liliyalegeza masharti ya lile la Arusha, na nyimbo zikanyamaza bila mtu kutangaza kwamba zimekoma. Silitaji jambo hili ili kuidharau nia ya waasisi wetu, ambayo ilikuwa njema. Nalitaja kwa sababu linaonyesha yanayoupata wimbo uliofungwa kwenye azimio la wanadamu.

Jambo hilo linatuhusu leo. Katika mikesha ya miaka ya karibuni, sehemu nyingi za nchi yetu, mtu husikia mwaka ukipewa jina kabla haujaanza: mwaka wa kuvuka, mwaka wa mafanikio, mwaka wa kumiliki. Vijana wetu huja na nyimbo za namna hiyo, zenye kinanda na vipaza sauti, na ambazo karibu kila mstari una neno “nitapokea”. Sina ugomvi na vinanda. Swali langu ni juu ya mama aliyemzika mwanawe Novemba, naye amekaa benchi la tatu. Wimbo wa Rinckart una nafasi yake. Wimbo wa “mwaka wangu” humtaka asubiri nje mpaka huzuni yake iishe.

Kwa ajili yake nataja pia shairi la Dietrich Bonhoeffer, ambalo si wengi kwetu wanalijua. Aliliandika gerezani Berlin, na kumpelekea mchumba wake pamoja na barua ya Desemba 19, 1944. Ni shairi la kuupokea mwaka mpya. Ndani yake kikombe kichungu hakifichwi, na bado mwandishi anauona mwaka ujao ukiwa umezungukwa na ulinzi mwema. Aprili 9, 1945 aliuawa katika kambi ya Flossenbürg. Mtu anayeuhesabu mwaka kwa mafanikio atasema mwaka ule ulimshinda. Mimi sisemi hivyo.

Katika mkesha wa mwaka huu wa jubilei baraza la wazee limekubali mambo mawili. Kadi za ahadi zitagawiwa Jumapili inayofuata na si usiku ule, ili usiku ubaki wa shukrani na maombi. Na walimu wa kwaya wataandika kwa nota tuni za Kinyaturu na Kinyiramba ambazo bibi na babu zetu wanazikumbuka, pamoja na jina la kijiji ambako kila tuni ilisikiwa, karatasi hizo zihifadhiwe kabatini pamoja na daftari la ubatizo. Saa sita kamili itapigwa kengele yetu, yaani ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Wimbo wa kwanza baada ya kengele utaanzishwa na wazee, bila kinanda.