Kwa Nini Kila TV Kenya Ni Namba 1? Hivi Ndivyo Watazamaji Huhesabiwa

Ingia mtandaoni leo utapata stesheni moja imepost bango inajiita namba 1. Teremka kidogo, jirani yake pia ni namba 1. Alafu kuna msee wa komedi YouTube anakushow TV ilikufa kitambo, siku hizi ni yeye anachekiwa. Nani anadanganya? Saa zingine hakuna. Kila mtu amehesabu kitu yake. Kabla uanze kubishana kwa komenti, hii ndiyo maana ya hizo namba, na penye wewe unapotelea.

Retingi

Ni asilimia ya nyumba zote zenye TV ambazo zilikuwa zinacheki kipindi fulani. Twende na hesabu. Sensa ya 2019 ilipata nyumba kama milioni 12.1 Kenya nzima, na ni 40.7% tu zilikuwa na TV inayofanya kazi. Hiyo ni karibu nyumba milioni 4.9. Kipindi kikipata retingi ya 10, ni kama nyumba 490,000. Ni watu wengi, lakini hiyo si Kenya nzima vile bango linasema.

Mgao

Hapa ndipo wasee huchezwa. Mgao unahesabu tu zile TV zilikuwa zimewashwa saa hiyo. Tuseme nusu ya TV zote zimezimwa: ile retingi ya 10 inageuka mgao wa 20, na hakuna mtazamaji hata mmoja ameongezeka. Saa tisa usiku, kipindi kinaweza kuwa na mgao wa 60 na wanaokicheki ni soja wa geti na mtoi amekataa kulala. Enzi zile stesheni ilikuwa moja ya serikali, kabla KTN iingie 1990, mgao ulikuwa 100 hata kama buyu yako alikuwa anakoroma kwa kiti.

Kufikia

Hii ni idadi ya watu waligusa stesheni angalau mara moja, pengine kwa wiki. Ulikuwa unatafuta mechi na rimoti, ukapitia chaneli fulani dakika kadhaa? Kuna hesabu zingine utaingizwa. Ndiyo maana hii namba huwa kubwa na ndiyo hupendwa sana kwa mabango.

Ongeza na kukatakata. Stesheni inaweza kuwa namba 1 Pwani, namba 1 taarifa ya saa moja, ama namba 1 kwa wamama wa zaidi ya miaka 45. Zote ni ukweli. Bango linaandika tu "namba 1" na kunyamaza.

Nani huulizwa?

Hakuna mtu hupita kila mlango. Huchukuliwa sampuli: watu wachache wanaosimamia wengine. Kuna utafiti wa kupigiwa simu na kuulizwa jana ulicheki nini, kuna wa SMS, kuna wa kujaza daftari, na kuna nchi kama Marekani penye kampuni ya Nielsen huweka kifaa kwa TV kinachonasa chaneli yenyewe.

Kila njia huacha mtu nje. Sensa hiyo ya 2019 ilipata 47.3% ya watu wa kuanzia miaka 3 ndio walikuwa na simu yao. Utafiti wa simu peke yake hauwezi kumfikia shosho anayeomba simu ya jirani. Na ukiuliza "jana mlicheki nini?", mathe atasema tamthilia. Kweli ilikuwa imewashwa. Lakini wewe ulikuwa kwa hiyo kochi, macho kwa TikTok. Umehesabiwa mtazamaji.

Mtandaoni ni safi?

Zii. Facebook ilizoea kuhesabu video imetazamwa baada ya sekunde 3. Tangu Machi 2025, YouTube huhesabu zile video fupi za Shorts mara tu zinapoanza kucheza, na zikirudia zinahesabiwa tena. Netflix nayo ilikuwa inataka ucheki 70% ya epsodi, ikashusha hadi dakika 2, alafu ikahamia kwa masaa. Hauwezi kulinganisha hizi na retingi ya TV.

Cheki hii: Januari 2022, Baby Shark ikawa video ya kwanza YouTube kupita mara bilioni 10. Wakati huo dunia nzima haikuwa imefika watu bilioni 8. Hiyo namba huhesabu kuchezwa, si vichwa.

Sensa inaingilia wapi?

Kwa sababu watazamaji hutoka kwa watu, na watu wamebadilika. 1969 Kenya ilikuwa na watu milioni 10.9. 2019 tulikuwa milioni 47.6. Mwisho wa miaka ya 70 mama mmoja alikuwa anazaa kwa wastani watoto 8. Kufikia utafiti wa 2022 ni 3.4. Familia zimepungua saizi, lakini wale walizaliwa wakiwa wengi ndio sisi: 75% ya Wakenya sensa iliwapata chini ya miaka 35.

Sasa weka hizo mbili pamoja. Kizazi kikubwa zaidi nchini ndicho kinakaa bedsita bila TV, na burudani yake iko kwa simu na bando ya soo. Papa Shirandula na Tahidi High zilikuwa na familia nzima mbele ya skrini moja. Leo nyumba hiyo ina skrini nne.

So what?

Doh ya matangazo hufuata namba. Namba ikishuka, kipindi hukatwa, na anayelala njaa si bosi: ni mwigizaji, kameraman na yule dem wa mekap. 2016 Nation Media Group ilifunga QTV na Nation FM ikisema inageukia dijitali. Na kama vijana hawahesabiwi vizuri, hakuna atakayetoa pesa kutengeneza vitu vyao. Tutabaki na tamthilia za kutafsiriwa, alafu tulie hakuna kitu ya kucheki.

Kwa hivyo ukiona bango, uliza maswali manne:

1. Ni asilimia ya nani: nyumba zote, ama TV zilizowashwa tu?
2. Ni saa gani, sehemu gani, umri gani?
3. Nani alifanya utafiti, na nani alimlipa?
4. Kama ni mtandaoni, sekunde ngapi ndizo "kutazama"?

Likikosa majibu, wacha kushare. Hilo ni tangazo kama lile la sabuni.